Kazi ninaijua, kuianza ndiko kunakonishinda: mtu mzima mwenye ADHD afanyeje?

Mwalimu wa Historia, Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha katika shule ya sekondari, nina umri wa miaka 34, na mwezi wa tatu mwaka huu daktari wa magonjwa ya akili, baada ya kuzungumza nami kwa vikao vitatu, alinieleza kwamba nina ADHD, yaani hali ya ubongo ya kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka. Ninaomba kujua watu wazima wenzangu mnaishije nayo kazini na nyumbani.

Linalonitesa kwanza ni kuanza. Muhula uliopita nilikuwa na karatasi 180 za kidato cha tatu za kusahihisha kwa siku 14. Siku 12 zilipita nikiziangalia mezani, kisha nikazimaliza zote kwa siku mbili bila kulala. Wenzangu walidhani kwamba sikujali, ilhali katika siku hizo zote sikupumzika kwa raha hata siku moja. Lakini nikishika jambo linalonivutia, kama kuchora ramani ya misafara ya biashara ya karne ya 19 kwa ajili ya darasa, hukaa saa tano bila kula wala kuitika ninapoitwa.

La pili ni hisia. Mwalimu wa taaluma akiniuliza mbele ya wenzangu andalio la somo liko wapi, hasira na aibu hunipanda kwa pamoja, nami huwa nimeshajibu vibaya kabla sijajua ninasema nini, kisha hujilaumu usiku kucha. Je, hili nalo ni sehemu ya hali yangu, au ni tabia yangu tu?

Mhasibu, Mombasa

Pole sana, dada yangu. Mimi nilijulishwa nikiwa na miaka 41, baada ya binti yangu kupimwa kwanza, kwa sababu hali hii hurithiwa sana. Katika kazi yangu, marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani yana mwisho wake tarehe 20 ya kila mwezi, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa tarehe 19 usiku, nikilipa faini za kuchelewa kutoka mfukoni mwangu ili wateja wasijue.

Kujikaza hakukunisaidia, na nilijikaza kwa miaka ishirini. Nilipata nafuu nilipokubali kwamba tarehe iliyo mbali haina uzito wowote kichwani mwangu, na kwamba ni lazima nitafute kitu cha karibu cha kunisukuma. Sasa kila mteja ana siku yake kati ya tarehe 5 na 12. Huja na risiti zake, hukaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, nami huziingiza akiwa pale pale. Hanisaidii lolote, lakini kule kuwapo kwake hunifanya nianze. Tafuta mwalimu mwenzako mwenye karatasi zake, mkae meza moja. Usibebe bunda zima: hesabu karatasi 15, zilizobaki zifungie kabatini usizione. Na kwa kuwa uko Tanga, saa yako ni adhana. Anza baada ya Alasiri, na ukisikia Magharibi uache, hata kama moyo umeshanoga na unataka kuendelea, maana ukijichosha leo, kesho hutazigusa.

Mwanasaikolojia tiba, Dodoma

Mwalimu, nianze na swali lako la hisia. Mwongozo wa uchunguzi wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, katika toleo la tano la mwaka 2013, unaorodhesha dalili 18, yaani tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Kwa mtu wa miaka 17 au zaidi hutosha dalili tano za upande mmoja, mradi baadhi zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Hisia kali hazimo katika hizo 18, lakini mwongozo huohuo unataja wepesi wa kuudhika na kuyumba kwa hisia miongoni mwa mambo yanayoambatana na hali hii. Mwanasaikolojia Russell Barkley amesisitiza kwa muda mrefu kwamba zihesabiwe kuwa kiini chake, na kwa ninayoyaona kwa wagonjwa wangu ninakubaliana naye. Breki ileile inayochelewa kukuzuia usiache kazi ndiyo inayochelewa kuzuia ulimi.

Kwa sababu hiyo, kujiambia "nitatulia" hakutoshi. Wakati wa kutulia ukifika, umeshachelewa. Andaa maneno mapema na uyafunge kwenye ishara moja ya mwili: masikio yakianza kuwaka moto, nitasema, "Nimekusikia, nitakuletea jibu saa nane mchana." Yatamke kwa sauti nyumbani mpaka ulimi uyazoee.

Kuhusu dawa, zungumza na daktari wako. Methilfenideti, dawa inayotumika kutibu hali hii, huongeza kemikali za dopamini na noradrenalini katika sehemu ya mbele ya ubongo na huwasaidia wengi, lakini huweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kwa hiyo hupimwa na kufuatiliwa. Tafadhali usionje ya mtu mwingine. Mweleze pia kuhusu huko kujilaumu usiku kucha, kwa kuwa sonona mara nyingi huandamana na hali hii na huhitaji tiba yake.

Mume, Morogoro

Mwenye hali hii ni mke wangu. Kwa miaka mingi ahadi alizosahau nilizihesabu kuwa dharau kwangu, na ninajuta. Tulikubaliana kwamba mzozo ukipanda aende barazani kwa dakika 20, nami nisimfuate. Sharti ni kurudi na kumalizia mazungumzo. Hapo ndipo tulipopata shida zaidi, kwani akishatulia huwa amekwisha kulisahau jambo, na mimi bado linanichoma. Sasa huliandika kwenye karatasi kabla hajatoka.

Mwalimu wa Historia, Tanga

Ninawashukuru kwa dhati. Nilimwomba mwalimu wa Jiografia tukae pamoja, naye, kumbe, alikuwa na bunda lake ambalo hajaligusa. Leo ni siku ya nne. Nimesahihisha karatasi 60, na jana Magharibi ilipoadhiniwa nilitamani kuendelea, nikaacha. Yale maneno ya saa nane bado sijayatumia. Ninayatamka kila asubuhi ninapochota maji.