Rezini ya faiba inaganda ndooni kabla sijamaliza kupaka

Fundi_wa_Tanga:
Habari wakuu. Naunda boti ya faiba ya futi 18. Asubuhi kazi inaenda vizuri, lakini mchana jua likikaza, rezini (ile gundi ya maji inayoshika faiba) inaganda ndooni na ndoo inafuka moshi. Nimepunguza hadina (dawa ya kugandisha rezini) hadi nusu asilimia, sasa boti inanata hata kesho yake. Rafiki anashauri nichanganye kobalti (dawa ya kuharakisha mgando) na hadina kwenye chupa moja, niwe napima mara moja. Mnasemaje?

MzeeFaiba:
Usithubutu, ndugu yangu! Kobalti na hadina zikikutana zenyewe zinawaka au kulipuka. Tia kobalti kwenye rezini, koroga mpaka michirizi ya zambarau iishe kabisa, ndipo hadina ifuate. Hata kijiti kilichogusa kobalti kisiingie kwenye hadina.

Hadina ni peroksidi. Kwenye joto la kawaida inavunjika polepole mno, na kobalti ndiyo inayoiharakisha: inaipa elektroni, peroksidi inapasuka na kutoa radikali (vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake), na hizo ndizo zinazofunga poliesta na stairini, vitu viwili vilivyomo kwenye rezini, pamoja. Kisha kobalti inachukua elektroni kwenye peroksidi nyingine na kuanza upya. Kobalti haiishi, inayoisha ni hadina. Wewe umekata hadina, radikali zimekwisha kazi ikiwa nusu. Kwa kilo moja ya rezini usishuke chini ya gramu 10 za hadina. Siku ya joto, kinachopunguzwa ni kobalti.

Mwana_Lamu:
Shikamoo mzee. Na kama rezini imekuja na kobalti tayari?

MzeeFaiba:
Marahaba. Nyingi zinakuja hivyo, na mara nyingi zina uwekundu au zambarau kidogo, ila soma pipa, rangi pekee haitoshi. Hiyo usiiongezee kobalti. Changanya kidogo kidogo, na ukishatia hadina mimina rezini kwenye beseni pana. Ndoo ndefu inafungia joto ndani, na joto linazidi kuharakisha mgando.

Kemia_Moro:
Fundi, kwaruza kwa msumari hapo panaponata. Chini kukiwa kugumu, basi ni oksijeni ya hewani inayozima radikali za juu. Koti la mwisho, yaani tabaka la juu la rezini, lichanganyiwe nta ya rezini. Inapanda juu na kuziba hewa. Chini kukiwa laini, ni upungufu wa hadina, kama mzee alivyosema.

Fundi_wa_Tanga:
Nimekwaruza. Pembeni panapo nata ni juu tu, lakini kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) msumari unazama.

MzeeFaiba:
Basi mkuku uondoe wote ulaze mkeka wa faiba upya. Boti inapogonga mchanga, uzito wote unaangukia hapo.