Tupeane uzoefu: umemwekea mwanao programu gani ya kumlinda kwenye simu?

Wakuu, likizo hiyo inakuja, watoto watashinda na simu. Wangu wa miaka 11 nimemwekea Family Link ya Google, ni ya bure. Saa 2 usiku simu inajifunga, anabaki anaweza kupokea simu tu. Akitaka kupakua mchezo, ombi linanifuata kazini, nakubali au nakataa. Na mwenyewe anajua kila nilichokiweka. Zile programu za kusoma meseji za mtoto kimyakimya sizitaki kabisa. Siku akigundua, hakuambii kitu tena. Ila Family Link haioni mazungumzo yake ya WhatsApp. Wenzangu mnafanyaje? Tiririkeni.

Mama Wawili, Tabata:
Kwetu simu ni moja, yangu, na mtoto ana miaka 5. Nimempakulia YouTube Kids, nikachagua aone zile video nilizoziruhusu mimi tu. Ukifanya hivyo sehemu ya kutafuta inazimika, haendi kwingine. Kisha nabandika skrini: ipo kwenye mipangilio ya usalama ya Android, hatoki kwenye hiyo programu bila namba yangu ya siri. Hilo kwangu ni lazima, M-Pesa yangu imo humo humo.

Fundi wa Mtandao, Mombasa:
Wenye Wi-Fi nyumbani, kabla hujalipia programu yoyote, ingia kwenye ruta ubadilishe DNS (huduma inayokielekeza kifaa tovuti ilipo) uweke 1.1.1.3. Ni ya Cloudflare, waliitoa 2020, hailipiwi. Inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa kila kifaa kinachotumia ile Wi-Fi, hata runinga. Lakini mtoto akizima Wi-Fi akawasha bando, kinga imekwisha. Kwa hiyo simu yenye Android 9 kwenda juu, tafuta DNS ya faragha kwenye mipangilio, uandike family.cloudflare-dns.com, na bando nalo litachujwa. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti kwa njia nyingine, inaipita hii, basi usimruhusu kupakua VPN. Na yanayotokea ndani ya TikTok au ndani ya mchezo, DNS haiyachuji.

Baba Binti, Arusha:
Hapo kwenye mchezo ndipo yalipotukuta. Binti ana miaka 12, simu yake imefungwa kila kona. Mtu akamwandikia kwenye gumzo la mchezo, akajifanya rika lake, siku ya pili anaomba picha. Hakuna programu iliyotustua. Binti alimfuata mama yake jikoni akamwonyesha. Hatukufoka. Tulipiga picha zile meseji kabla ya kumzuia yule mtu, tukapiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kenya nako ni 116.

Mleta mada:
Poleni sana mkuu, na hongera kwa huyo binti. Gumzo mmelizima, au mmemkataza mchezo wenyewe?

Baba Binti, Arusha:
Mchezo anacheza. Gumzo tumelizima kwenye mipangilio ya akaunti yake mle mle ndani ya mchezo, tukaiwekea namba ya siri ya mzazi. Kinachonisumbua sasa ni simu ya dada wa kazi. Haina kizuizi chochote na jioni watoto wote wanaikimbilia, na siwezi kumfungia mtu mzima simu yake. Aliyelimaliza hili kwa amani anieleze alianzaje kuongea naye.