Viwavi wanakufa wakining'inia kichwa chini: naweza kuwatumia kama dawa?

Mpenda Shamba: Wakuu habari zenu. Mahindi yangu yana viwavijeshi vamizi. Sasa nakuta baadhi wamekufa juu kabisa ya majani, wananing'inia kichwa chini, weusi, ukiwagusa tu ngozi inapasuka na kutoa majimaji mazito. Jirani anasema ni virusi, niwakusanye, niwasage, nipulizie shamba zima. Inafanya kazi kweli? Na nyuki je?

Kilimo Hai: Mkuu, jirani yuko sahihi, hizo ni dalili za bakulovirusi. Kirusi kimefungwa ndani ya chembe ya protini. Kiwavi akiila pamoja na jani, protini inayeyuka tumboni mwake, maana tumbo lake lina alikali kali, kirusi kinatoka na kushambulia seli. Karibu na kufa hupanda juu ya mmea, kwa hiyo akipasuka virusi vinadondokea majani ya chini, wenzake wanavila. Havidhuru binadamu, mifugo wala nyuki. Wakulima wa soya Brazili walitumia njia hii kwa kiwavi wa kwao tangu miaka ya 1980, takriban viwavi 50 wakubwa waliokufa kwa hekta. Usinakili kipimo hicho, kiwavi wako ni mwingine na kirusi chake ni kingine.

Mzee wa Mbegu: Wengi hukata tamaa mapema. Kirusi hakiui papo hapo, kiwavi huendelea kula siku kadhaa. Walenge wadogo waliotoka kwenye mayai juzijuzi. Yule mkubwa aliyejichimbia kwenye moyo wa mhindi, kajifunika kinyesi kama unga wa mbao, huyo mwokote kwa mkono. Na pulizia jioni, jua huharibu virusi haraka sana.

Mpenda Shamba: Shukrani wazee. Wapo pia waliokakamaa, wana ukungu mweupe. Niwachanganye humo humo?

Kilimo Hai: Hapana, hao kawaua kuvu. Chukua walio laini. Vaa glavu na barakoa, mzoga unaooza una bakteria, ndiyo maana mchanganyiko wa kusaga nyumbani siushauri kabisa kwa mboga za kuliwa mbichi. Chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba.

Mzee wa Mbegu: Na usitegemee kirusi peke yake. Mwaka 2005 iliripotiwa kuwa kule Ujerumani nondo wa matufaha wamekuwa sugu kwa kirusi walichopuliziwa miaka mingi. Anza na mistari michache, mingine iache bila kupulizia, baada ya wiki moja linganisha majani machanga.