Mjadala: Semina za waendesha mashtaka zitamsaidia nini binti aliyeletwa mjini kwa ulaghai?

Nyakato_Sokoni: Wakuu, waendesha mashtaka wanapelekwa semina kuhusu kesi za usafirishaji haramu wa binadamu, eti wajue kuongea na mhanga bila kumtonesha. Naona posho tu. Niliwahi kumsindikiza mahakamani binti wa jirani. Alitoka analia: wakili wa utetezi kamuuliza, "Mlango haukuwa na kufuli, mbona hukukimbia?" Wa kwetu, yule wa serikali, yuko kimya, anapekua faili.

Mzee_wa_Kirumba: Mnawadekeza. Shahidi akibembelezwa, utetezi utasema amekaririshwa. Halafu wengine huja kwa hiari. Beki tatu wangu, msichana wa kazi, katoka Ukerewe kwa miguu yake, leo hata ukimfukuza haondoki.

Binti_Nansio: Ukerewe ni kisiwa, mzee. Alitembea juu ya maji kama Petro?

Mzee_wa_Kirumba: Kwa meli basi! Unajua nilichomaanisha.

Binti_Nansio: Na hiyo "beki tatu" ndiyo jina alilopewa na mamaye? Unamlipa shilingi ngapi?

Mzee_wa_Kirumba: Kima cha chini cha serikali, elfu 40. Na anakula tunachokula.

Kivuko_Kamanga: Hiyo ya 2013, mkuu. Januari 2023 kilipanda hadi elfu 60 kwa anayelala kwako. Una deni la binti wa watu.

Mzee_wa_Kirumba: Sabuni je? Nguo za Krismasi? Kodi ya chumba Kirumba unaijua wewe?

Mama_Buhongwa: Chumba gani, si analala sebuleni baada ya nyinyi kumaliza taarifa ya habari 😂

Karani_Mstaafu: Jamani, mada. Sheria ya 2008 ya usafirishaji haramu wa binadamu haimpi mtuhumiwa nafasi ya kusema "mtoto alikubali". Kwa hiyo swali la kukimbia lilipaswa kupingwa palepale, na hilo linafundishika. Ila mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi. Binti huyo ameshasimulia polisi, dawati la jinsia, ustawi wa jamii, kisha wakili wa serikali anamuona kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, kwenye korido, mshtakiwa kakaa benchi la pili. Atasema nini? Kesi ikiahirishwa, anarudi kwao. Tarehe nyingine hana nauli na hakuna aliyempigia simu. Mshtakiwa anaachiwa, mnasema binti kahongwa.

Nyakato_Sokoni: Sasa hapo umenipata kidogo. Lakini nauli nayo inahitaji semina?

Mzee_wa_Kirumba: Kivuko, lete hilo tangazo la elfu 60 tulisome hapa. Msinifanye mhalifu.

Binti_Nansio: Hakuna aliyekuita mhalifu. Tumeuliza jina lake tu, hujajibu bado.

Igoma_Mataa: Samahani kutoka nje ya mada. Wa mjini wamekuwa wajanja mno. Nani ana mtu kule visiwani aniletee binti mtulivu, hata wa 14 sawa? Nauli ya meli nalipa mimi, na aliyemleta sitamsahau.