Muuza kompresa Malindi, unataka kuua vijana wa watu?

Ndugu zangu wa pwani, nina hasira na sitaficha. Kuna mtu hapa Malindi anauza kompresa kuukuu ya jeshi, yaani mashine ya kushindilia hewa kwenye mitungi ya wazamiaji, ati "inapiga hadi bar 200, nunua ujaze mitungi". Vijana wanaozamia kamba waliniomba niikague kabla hawajatoa pesa. Nimeikagua. Haifai hata ya bure.

Kupiga presha ya bar 200 si hoja! Mashine nyingine za jeshi zilitengenezwa kujazia hewa mifumo ya ndege, si mapafu ya binadamu. Hii injini yake ni ya petroli, na bomba la kuvutia hewa liko ubavuni mwa ekzosi. Upepo ukigeuka kidogo, moshi unaingia mtungini. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukiwa mita 20 chini, presha ni mara tatu ya huku juu, na makali ya sumu hiyo hupanda vilevile. Hewa ambayo nchi kavu ingekuumiza kichwa, kule chini inakuzimisha. Nani atakuona?

Nikafungua filta. Tupu! Hakuna mkaa wa kuchuja hewa, hakuna dawa ya kukausha unyevu, ni maji meusi yenye oili tu yametuama chini. Nikafuta mdomo wa hosi ya kujazia kwa kitambaa cheupe, kikatoka na duara la kahawia. Namuuliza ametia oili gani, ananijibu "oili ni oili". Jamani! Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinataka oili isizidi miligramu 0.5 kwa mita moja ya ujazo, na kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 kwa milioni. Huyu hana hata karatasi moja ya kipimo.

Geji mbili zimekufa. Valvu ya usalama lakiri yake imekatwa, yaani kuna mkono umeichezea.

Nilipomwambia haya alicheka, akasema Malindi wakikataa ataipeleka Lamu, "huko hawaulizi maswali". Basi wa Lamu ulizeni! Ikiletwa huko, mwambieni aibadilishe filta, aiwashe mbele yenu, hewa yake ipelekwe maabara kwa gharama yake, na majibu yasomwe kabla shilingi haijatoka mfukoni. Akikataa, mfukuzeni gatini na mashine yake.