Kuwafukuza wageni wa reidi kwa sababu wamesema ukweli ni uonevu, na sisi wakongwe ndio tunaoulea

Wakuu, salaam kwenu.

Nimelivumilia jambo hili kwa muda mrefu, na sasa naona kuendelea kulinyamazia ni kulibariki. Katika michezo ya mtandaoni ya wachezaji wengi, hasa kwenye reidi, yaani mapambano ambayo kikundi cha wachezaji huungana kumuua adui mkubwa aitwaye bosi, tumejenga desturi ya kumwadhibu mchezaji mpya kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na uchezaji wake: amesema kwamba hajawahi kupigana na bosi husika. Hajacheza vibaya, hajatukana mtu, hajachelewa, hajatoroka katikati ya pambano. Amesema kweli, basi anaondolewa, na mara nyingi anaondolewa bila hata neno la kwaheri.

Juzi nilikuwa mponyaji, yule anayerudisha uhai wa wenzake, katika kikundi kilichotangazwa kwa maneno yaliyo wazi kabisa: “Tunajifunza, wote karibuni.” Nafasi ya mwisho ilichukuliwa na mchezaji ambaye silaha na deraya zake zilizidi kiwango kilichotakiwa, na dawa za kuongeza nguvu alikuwa amekwisha kuzinywa kabla hatujaanza, jambo ambalo wakongwe wengi hulisahau. Alisalimia, kisha akaandika kwenye chati: “Hii ni mara yangu ya kwanza kwa bosi huyu. Nimesoma maelezo, ila naomba mnikumbushe nisimame wapi nikiwekewa alama nyekundu.” Hakuna aliyejibu. Kufumba na kufumbua jina lake likawa limetoweka. Nilipouliza kwenye chaneli ya sauti ni nani aliyemtoa na kwa kosa gani, kiongozi akasema, “Hana uzoefu, atatupotezea muda,” kisha akarudisha tangazo lilelile, lenye maneno yaleyale ya kuwakaribisha wote.

Jibu alilohitaji lilikuwa sentensi moja: ukiwekewa alama, kimbilia ukuta wa kushoto, subiri ilipuke, kisha rudi. Badala ya kuiandika sentensi hiyo, tulikaa tukimsubiri mchezaji mwingine kwa muda ambao ungetosha kueleza pambano zima, awamu kwa awamu. Huyo mwingine alipoingia hakusema neno. Alama ilipomwangukia, alibaki amesimama katikati yetu, ikalipuka, na kikundi kizima kikafa. Hakuijua reidi ile kuliko yule aliyefukuzwa. Tofauti yao ni kwamba yeye alinyamaza, na kwa kunyamaza kwake akapewa nafasi.

Tunawafundisha wageni kudanganya, wakuu, kisha tunalalamika kwamba wageni ni waongo. Wanaocheza mchezo wa Final Fantasy XIV wanayajua vizuri malalamiko kuhusu watu wanaojiunga na vikundi vya mazoezi vinavyoanzia awamu ya mbele ya pambano ilhali wao hawajaifikia awamu hiyo. Ni kero ya kweli, kwa sababu jioni nzima inaweza kuishia kwenye awamu ya kwanza. Lakini nani anajiuliza kwa nini watu hao wanadanganya? Vikundi vinavyoanza mwanzo kabisa ni vichache, na vikipatikana huvunjika baada ya majaribio machache kwa sababu kuna mtu mmoja asiyetaka kuona kifo cha nne. Anayefuata njia iliyonyooka anabaki nje, wakati anayedanganya anaingia na kujifunza kwa gharama ya wenzake.

Hali hii haikuanza leo. Mfumo wa mafanikio, unaoweka rekodi ya yale mchezaji aliyoyakamilisha, ulipoingizwa kwenye mchezo wa World of Warcraft mwaka 2008, haukupita muda viongozi wakaanza kumtaka kila anayeomba nafasi aoneshe kiungo cha kuthibitisha kwamba amekwisha kumuua bosi huyo, na si muda mrefu zikazuka programu za nyongeza za kughushi viungo hivyo. Kwenye Guild Wars 2, ambako reidi za watu 10 zilianza mwaka 2015, vikundi vilidai idadi fulani ya vitu vinavyopatikana kwa kuua mabosi, navyo vikaghushiwa kirahisi, kwa kuwa msimbo wa kuonesha kitu kwenye chati unaweza kutungwa na mtu yeyote akajaza idadi aitakayo. Kila tulipoongeza kufuli, waliozuiwa ni wale waliokataa kughushi.

Na hata ushahidi usioghushika tunautumia kwa ukatili. Tovuti ya Warcraft Logs hupokea kumbukumbu za mapambano ya World of Warcraft na kumpa kila mchezaji alama, kati ya 0 na 100, ya kumlinganisha na wengine wa aina yake waliompiga bosi huyohuyo, na alama hizo zina rangi: kijivu kwa walio chini ya 25, kijani, buluu, zambarau, kisha rangi ya chungwa kuanzia 95. Kama chombo cha kujikagua, sina ugomvi nacho, na mimi mwenyewe hukitumia kujua ni wapi nimechelewa kumponya tanki, yule anayepokea mapigo ya bosi kwa niaba yetu. Kinachoniudhi ni kuona kijivu cha pambano la kwanza kikigeuzwa hukumu ya kudumu. Mtu anakufa mapema kwa sababu hakuna aliyemwambia kuhusu ile alama nyekundu, wenzake wanamwacha chini na kummalizia bosi, na kumbukumbu ya jioni hiyo inabaki hadharani chini ya jina lake. Wiki inayofuata anaomba nafasi kwingine, kiongozi anafungua tovuti, anaona kijivu, anamkataa. Asiye na kumbukumbu yoyote hukataliwa upesi zaidi. Sasa atazipata wapi?

Jibu tunalompa ni lilelile: “Katazame video kwanza.” Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jibu hili linaonekana la busara na ndilo linalowaumiza wageni kuliko matusi. Video nyingi za maelekezo hutoka mapema, siku za mwanzo za reidi mpya, zikitengenezwa na vikundi vyenye nguvu kiasi kwamba bosi hufa kabla ya hatua ambazo kikundi cha kawaida kitaziona zote. Zinapigwa kutoka upande wa mtu mmoja mwenye jukumu moja, kwa hiyo mponyaji anayeitazama video ya tanki anaona mgongo wa bosi unapoelekea lakini haoni ni lini kikundi kizima kitahitaji kuponywa kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mbinu iliyomo kwenye video huenda si mbinu ya kikundi chako. Bosi mmoja anaweza kupigwa kwa mbinu mbili au tatu zote zikiwa sahihi: hawa wanakusanyika kaskazini, wale wanagawanyika kwa jozi, wengine wanapeana namba. Mgeni aliyetazama video kwa makini, tena kwa kurudia, anaingia akiwa anajua mbinu moja, anakuta nyinyi mnatumia nyingine ambayo hamkuitaja popote, anakimbilia upande alioelekezwa, anaua wawili, na mnamwambia hakujiandaa. Alijiandaa kuliko nyinyi mlioingia bila kusema mnatumia mbinu gani.

Najua utetezi utakaokuja, kwa hiyo nitaujibu mapema. Mtasema reidi za sasa hazina nafasi ya kumbeba mtu. Kuna ukweli ndani yake. World of Warcraft ilipoanza mwaka 2004, reidi yake ya Molten Core iliingiwa na watu 40, na kati ya 40 wachache wasiojua wanachofanya hawakuonekana sana. Tangu mwaka 2014, ngazi ya juu kabisa ya ugumu wa reidi za mchezo huo imefungwa kwenye watu 20 kamili, na Final Fantasy XIV hupeleka watu 8 tu kwenye mengi ya mapambano yake magumu, ambapo mmoja akifa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yako huku saa ya bosi ikiendelea kuhesabu, na muda ukiisha anaua wote. Mtu mwenye saa mbili tu za kucheza baada ya kazi ana haki ya kutaka kuzitumia na watu wanaolijua pambano. Sijawahi kuipinga haki hiyo. Tangazo linaweza kusema “wazoefu pekee”, na orodha ya vikundi ya Final Fantasy XIV inamruhusu kiongozi kuwazuia wasiowahi kumaliza pambano husika, pamoja na kutaja kama lengo ni mazoezi, kumaliza au ngawira. Anayetumia njia hizo hamdanganyi mtu. Ninayemlalamikia ni yule anayeandika “tunajifunza” ili ajaze nafasi haraka, kisha anachuja watu kwa siri kana kwamba anaelekea kwenye ngazi ya juu, wakati bosi tunayemwendea ni yule wa pili wa ngazi ya kawaida.

Waliotengeneza michezo hii, angalau baadhi yao, wamejaribu kuliko sisi. Ndani ya Final Fantasy XIV, ukiingia kwenye mapambano mengi kupitia mfumo wa kutafuta wenza na mmoja wenu hajawahi kulimaliza, mchezo unawatangazia kwamba yupo mgeni, bila kumtaja jina, na mkishinda mnapata zawadi ya nyongeza. Huko ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone umekuwa kanuni ya mchezo, na matokeo yake yanaonekana: watu wanauliza nani ni mgeni ili wamweleze, kwa sababu kuwepo kwake ni faida. Nimeona wachezaji walewale, wenye ulimi mkali kwenye vikundi vya kujitangazia, wakiwa wapole na wavumilivu mle. Kwa hiyo tusiambiane kwamba ukali ni tabia ya asili ya wachezaji wa reidi.

Mfumo wa kutafuta reidi wa World of Warcraft, uliokuja mwaka 2011, ulifungua mlango kwa namna nyingine, nao haukufundisha. Watu 25 wasiojuana wanapangwa pamoja, hakuna anayezungumza, mapigo ya bosi yamepunguzwa makali, na kikundi kikishindwa kinapewa nguvu ya ziada hadi kishinde. Mtu anaweza kumaliza reidi nzima humo bila kujua kwa nini watu walikuwa wakikimbia. Akitoka hapo kuja kwenye kikundi halisi, tunamwambia aliyoyafanya huko hayahesabiki. Sawa, tuseme hayahesabiki. Basi ni nani kati yetu amemwonesha yanayohesabika?

Na hayo yote sijagusa sauti. Mtu anafungua kipaza sauti kuuliza swali, wanasikia sauti ya msichana au ya kijana mdogo, kicheko kinaanza, na swali linapotea. Hilo si suala la uzoefu hata kidogo, na kiongozi anayelisikia akanyamaza ameshiriki.

Huku tukiyafanya haya, vyama vyetu vya wachezaji wanaoreidi pamoja vinakosa watu. Kila baada ya sasisho kubwa nasoma matangazo ya vyama vinavyotafuta mponyaji, tanki, wapigaji wawili, wanaoweza kuja kila wiki bila kukosa, na wote lazima wawe na kumbukumbu za zambarau. Watu wa aina hiyo hawazaliwi wakiwa tayari. Kila mmoja wao alikuwa kijivu kwenye kikundi cha mtu aliyekubali kumweleza, na wengi walioondolewa kimyakimya kama yule wa juzi hawajaribu tena. Wanafuta mchezo au wanarudi kucheza peke yao, na hakuna chama kitakachowapata.

Ninachodai si kikubwa. Kikundi kikiitwa cha kujifunza, pambano lielezwe kabla ya jaribio la kwanza, kwa mbinu itakayotumika hapo, na atakayeeleza ajulikane. Mtu akiondolewa, aambiwe sababu kwa maandishi. Ninawaomba pia watengenezaji waweke sehemu ya lazima ya kujaza sababu hiyo kabla ya kitufe cha kumtoa mtu kufanya kazi, na rekodi ya kiongozi anayewatoa watu mfululizo kwenye vikundi alivyoviita vya kujifunza ionekane kwa wanaotaka kujiunga naye, kama kumbukumbu za mapambano za wageni zinavyoonekana kwake.

Viongozi wa reidi mliomo humu, nataka majibu yenu hapa chini, tena msinijibu kwa jumla jumla. Kwenye vikundi mnavyovitangaza kuwa vya kujifunza, ni nani anayeeleza pambano, anaeleza wakati gani, na mara ya mwisho mlipomtoa mtu, mlimwambia nini?