Mrejesho: White Sox na huku kujengwa upya

Wakuu, niliuliza kama kuna sababu ya kuendelea kuivumilia Chicago White Sox baada ya kupoteza mechi 121 mwaka 2024, nyingi kuliko timu yoyote kwa msimu mmoja kwenye ligi kuu ya beisboli ya Marekani tangu 1901. Wengi mlinijibu: tulia, timu inajengwa upya, yaani nyota wanatolewa ili kuleta vijana wa baadaye.

Nimetulia. Mwaka 2025 tumepoteza 102, msimu wa tatu mfululizo tunavuka 100.

Kinachoniuma ni kwamba wimbo huu tulishaimbiwa. Desemba 2016 walimpeleka mrushaji wetu hodari Chris Sale timu ya Boston Red Sox, wakaleta vijana, Moncada na Kopech. Tulichovuna ni mtoano wa 2020 na 2021, na kote tulitolewa mapema. Desemba 2024 wakampeleka mrushaji mwingine hodari, Garrett Crochet, Boston hiyohiyo!

Hata hivyo Colson Montgomery amenipa moyo kweli. Kijana tuliyemkuza wenyewe, kapanda timu kubwa Julai 2025 na kupiga homurani 21 (mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja) msimu huo. Kyle Teel, mdakaji aliyekuja kwa kubadilishana na Crochet, naye anadaka vizuri na kupiga pia.

Nabaki. Ila hawa wakiuzwa wakishakomaa, mimi basi.